Jumatatu ya Polepole

Jumanne hiyo, kama Jumanne zote, Pasi aliwashinda wenzake wote, na kocha akakasirika.

Wanawake wa klabu walikuwa wamejitupa kwenye nyasi kando ya uwanja, wanahema, mmoja amejifunika uso kwa fulana. Pasi peke yake alikuwa amesimama, mikono kiunoni, jasho linamchuruzika mpaka kwenye viwiko, anangoja kusifiwa. Kocha, mama wa makamo mwenye goti bovu na sauti isiyohitaji kipaza, alimkaribia akichechemea.

"Nilisema mzunguko wa mwisho mwende pamoja. Nani kakutuma uwaache?"

"Miguu imekubali tu, Kocha."

"Miguu yako inakubali kila Jumanne. Ikifika siku ya mashindano inaleta udhuru."

Wenzake walicheka, na yeye akacheka nao, lakini maneno yalimchoma. Ni kweli. Mazoezini hakuna aliyemuweza, wala Twiga mwenye miguu mirefu, wala mwenzao mmoja, mwalimu wa hesabu. Kwenye mashindano anaanza kama moto wa mabua, kisha katikati ya njia anazimika, anapitwa hata na watu ambao Jumanne wanaomba poo nyuma yake.

Jina la Pasi walimbandika wao. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, akisimama kutwa nzima kwenye mvuke, na alipofika uwanjani bado alinukia wanga na sabuni. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Katika timu nzima ni yeye pekee aliyekuwa na mume, mtoto na mama mkwe wanaomngoja nyumbani, na kama hujawahi kuishi na mama mkwe anayekungoja, basi huwezi kujua maana ya mbio.

Wiki ya klabu ilikuwa na mpango wake. Jumanne ni uwanjani, Alhamisi ni kupanda kilima, Jumamosi ni masafa marefu mpaka nje ya mji. Jumatatu na Jumatano kila mtu hukimbia mwenyewe mtaani kwake, taratibu, kiasi cha mtu kuweza kupiga soga huku anakwenda. Siku nyingine ni za kupumzika. Pasi aliujua mpango huo kwa moyo. Aliufuata wote isipokuwa hapo penye neno taratibu.

Nyumbani alimkuta mama mkwe amekaa kwenye stuli karibu na karo, anaviangalia vyombo vya mchana kama mtu anayelinda maiti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umemkamata?"

"Nani, Mama?"

"Huyo mwizi uliyekuwa unamkimbiza. Maana mtu mzima hakimbii hivi hivi."

 Pasi alivua viatu, akafunga kanga juu ya kaptura, akaanza kusugua sufuria. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusema, na nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili, kwa hiyo kila alichosema kilimpata kila mtu.

Mumewe alikuwa chumbani na binti yao, anamsaidia kusoma. Alitoka akiwa na uso wa mtu aliyekwisha kupanga maneno. Yeye alikuwa mwoka mikate, na wiki hiyo tanuri moja la kiwandani lilikuwa limepasuka. Nusu ya waokaji walikuwa wamepunguziwa siku.

"Msimamizi wako kanipigia," alisema. "Anasema anakupa zamu ya Jumamosi, ya kudumu, na hujamjibu. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Jumamosi ni masafa marefu," Pasi alisema, na hapohapo akajua jinsi lilivyosikika.

Mama mkwe alisonya. "Mke wa mwanangu, siagi imetoka mezani. Sukari tunaitia kwa kunusa. Na wewe Jumamosi unakwenda kutembeza miguu?"

"Mama, muache aseme," mume alisema kwa upole, lakini macho yake yalikuwa sakafuni, na Pasi aliona kwamba hata yeye amechoka. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kwa miaka yote mumewe alikuwa akimfungia kamba za viatu kwa mzaha kabla ya kutoka, akimwita bingwa wake.

"Nipeni mpaka mbio za nyika za vilabu," alisema. "Ni mwisho wa mwezi ujao. Timu ni watu sita, lakini wanaohesabiwa ni wanne wa kwanza tu. Nafasi zao zinajumlishwa, na klabu yenye jumla ndogo inashinda. Wale wawili wa nyuma wanakuwa wamekimbia bure. Nisipokuwa miongoni mwa wanne wa klabu yetu, viatu nawagawia watu, na Jumamosi naingia kazini. Sitanung'unika."

"Kweli?" aliuliza mama mkwe.

"Kweli, Mama."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Mwanangu, umesikia. Mimi nimesikia." Akasimama, akajishika kiuno. "Na sufuria hiyo bado ina masizi."

*

Basi Pasi akazidi kukaza. Jumatatu alikimbia mtaani mpaka mbwa wakachoka kumbwekea. Jumatano hivyohivyo. Jumanne akawaburuza wenzake, Alhamisi akapanda kilima kama anayefukuzwa. Kazini miguu ikawa inatetemeka chini ya meza ya kunyooshea, na siku moja aliunguza foronya, msimamizi akainyanyua mbele ya wote, mwanga ukapenya kwenye tundu.

"Mwanariadha wetu," msimamizi alisema. "Labda mikono nayo iende mazoezini."

Watu wakacheka. Pasi aliomba radhi, akachukua foronya nyingine. Foronya ile ilikatwa kwenye mshahara wake.

Wiki tatu kabla ya mbio zenyewe klabu ilikwenda kwenye mashindano madogo ya kujipima. Mume alimleta binti na mama mkwe waangalie. Pasi alitoka mbele. Nusu ya kwanza hakuonekana mtu karibu naye, na binti alikuwa akiruka juu ya bega la baba yake akipiga kelele. Kisha ikaja nusu ya pili. Miguu ikawa mizito kama mashuka yaliyolowa. Twiga akampita, mwalimu akampita, wakampita wote, na mwisho akampita msichana mmoja aliyekuwa amejiunga na klabu juzijuzi tu. Pasi alivuka mstari akiwa wa sita kati ya sita wa klabu yake, akainama kando ya uzio, akatapika.

Alipoinua uso, mama mkwe alikuwa amesimama hapo na chupa ya maji. Alimpa bila kusema neno. Angesema, Pasi angeweza kustahimili. Ule ukimya ndio uliomliza.

*

Jumapili kocha alibisha hodi. Hakuwahi kufika pale, na Pasi alikimbilia kufuta kiti kilichokuwa kisafi. Chai ilimiminwa, mkate mkavu ukaletwa, samahani zikaombwa.

"Sikuja kula," kocha alisema, akachukua kipande cha mkate. "Nimekuja kuuliza swali moja. Jumatatu unakimbiaje?"

"Taratibu, Kocha."

"Mama akirudi Jumatatu," binti alidakia kutoka chini ya meza, "analala sakafuni na viatu. Hawezi hata kunifungulia begi."

Pasi alimtazama mwanawe kwa jicho ambalo kila mtoto analielewa. Kocha alitikisa kichwa polepole.

"Nilijua. Unafika Jumanne umekwisha nusu, halafu unatumia nusu iliyobaki kunionyesha mimi. Siku ya mashindano unaleta gamba tupu. Nimekufundisha kukimbia miaka sita. Kutembea nimeshindwa kukufundisha."

"Kumbe hata mwalimu wake kashindwa," mama mkwe alisema, na alionekana kufarijika.

Kocha akamgeukia. "Na wewe, dada yangu, hiyo miguu imevimba tangu lini?"

"Ni presha. Uzee."

"Daktari kamwambia atembee kila siku," mume alisema. "Hataki. Anasema barabarani atamtembelea nani."

Kocha aliangalia mama mkwe, akaangalia Pasi, kisha akatabasamu kwa namna ambayo wanawake wa klabu waliiogopa.

"Basi dawa ni moja. Jumatatu na Jumatano mtatoka wote wawili. Mama anatembea, wewe unakimbia kando yake kwa mwendo wake. Usimpite hata unyayo. Ukishauzoea mwendo huo, mrudishe nyumbani, umalizie peke yako vilevile."

"Kocha!" Pasi alisema. "Mtaa mzima utanicheka."

"Vizuri. Anayechekwa hana haja ya kukimbilia kusifiwa."

Wote walimgeukia mama mkwe, wakitegemea akatae. Mama mkwe alikunywa chai yake mpaka chini, akaweka kikombe.

"Kama kazi ni kumzuia huyu asikimbie," alisema, "kazi hiyo naiweza."

*

Jumatatu ya kwanza ilikuwa fedheha tupu. Mama mkwe alitoka na kanga mbili, raba za mwanawe zilizojazwa vitambaa mbele, na mwavuli ingawa mvua haikuwepo. Pasi alikuwa anarukaruka kando yake kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Fundi viatu wa pembeni aliacha nyundo hewani.

"Bingwa!" aliita. "Leo umempata wa saizi yako!"

"Na atashindwa!" mama mkwe alimjibu. "Wewe shona viatu!"

Fundi akafyata. Pasi, masikini, alitamani ardhi ipasuke. Kila aliponyanyua mguu, mwili ulitaka kuondoka, na kila alipoondoka hatua mbili, mwavuli ulimgonga mgongoni.

"Unakwenda wapi?"

"Samahani, Mama."

"Hakuna anayetufukuza."

Jumatano haikuwa afadhali. Lakini Jumatatu iliyofuata, walipopita nyuma ya soko ambako njia ni ya kivuli, mama mkwe aliuliza jambo ambalo hakuwahi kuuliza.

"Hivi haraka ya nini, hata siku mliyoambiwa mwende taratibu?"

Pasi alikimbia kidogo. Labda ni kwa sababu walikuwa wakitazama mbele, si usoni mwa kila mmoja, ndiyo maana maneno yalitoka.

"Mama, nikitoka nyumbani naacha vyombo. Naacha mtoto na daftari zake, naacha mume hajala. Nikirudi sijatoka jasho, nitasema nilikuwa wapi? Lazima nirudi nimechoka, ili ionekane sikwenda kucheza."

"Kwani nani anakuuliza ulikuwa wapi?"

"Wewe, Mama. Kila siku."

Mama mkwe alisimama. Pasi naye alisimama. Akasema moyoni, leo nimekwisha. Lakini yule mama aliufungua mwavuli, akaufunga, akaanza tena kutembea.

"Mimi nilipoolewa," alisema, "kisima kilikuwa mbali. Mama yake mume wangu alikuwa anahesabu muda kwa kivuli cha ukuta. Kivuli kikifika mlangoni sijarudi, basi nilikuwa nazurura. Kwa hiyo nilikuwa nakimbia na ndoo kichwani. Nafika mapema sana. Ndoo nusu, mgongo umelowa."

"Halafu?"

"Halafu ananirudisha tena kisimani, maji hayatoshi."

Pasi alitaka kujizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka, na mama mkwe naye akacheka, kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo lote, mpaka akashika ukuta. Watu wawili waliokuwa wanasukuma mkokoteni waliwatazama, wakatazamana.

"Ningetembea tu," mama mkwe alisema akipangusa macho, "ningekwenda safari moja. Mjinga mimi. Na huyo aliyekuwa anapima kivuli, nilimchukia mpaka siku anazikwa." Akaanza kutembea. "Twende. Na usimwage."

Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za mwizi. Vyombo Pasi alivikuta vimeoshwa, vimeinamishwa, na mtu wa kumshukuru mama mkwe hakuruhusiwa. Jumanne uwanjani akawa anakimbia katikati ya kundi, anamaliza wa tatu, wa nne, na kwa mara ya kwanza anabakiwa na kitu. Kazini miguu iliacha kutetemeka. Wenzake walinong'ona kwamba Pasi kapoa. Yeye mwenyewe alikuwa na wasiwasi huohuo. Wanne ni wanne, na ahadi aliitoa kwa mdomo wake.

*

Siku ya mbio za nyika vilabu vilijaa kwenye uwanja mpana wenye majani yaliyofyekwa vibaya, tope sehemu ya bondeni na mwinuko mrefu kabla ya mstari wa kumalizia. Njia ilikuwa ya mizunguko mitatu. Mama mkwe alichagua mahali pake mwenyewe, karibu na tangi la maji chini ya mwinuko, akasimama na mwavuli kama askari wa zamu. Mume alikuwa ametoroka kiwandani kwa saa chache, unga bado kwenye nyusi. Binti alishika viatu vya akiba vya mama yake kifuani.

Bastola ililia. Umati wa wanawake ukaondoka kwa kishindo, na Pasi akabaki.

Si kwamba alijikwaa. Alibaki kwa makusudi, akafuata ule mwendo aliojifunza nyuma ya soko, huku migongo ya watu ikimwacha na matope yakimrukia usoni. Twiga alishapotea mbele. Mwalimu alishapotea. Wote watano wa klabu yake walikuwa mbele yake. Shabiki mmoja wa klabu nyingine, aliyejua kazi yake, alipiga kelele, "Dada, chumba cha kufulia kinafungwa, wahi!" na watu wakavunjika mbavu. Damu ilimpanda. Zamani angemjibu kwa miguu, palepale. Alikunja ngumi, akaikunjua.

"Usimwage!" sauti ilitoka kwenye tangi. "Usimwage!"

Watu walimtazama yule mama mwenye mwavuli, wakadhani anazungumzia tangi.

Mzunguko wa pili, waliotoka kama moto walianza kulipa. Pasi aliwapita mmoja mmoja bila kuongeza kitu; wao ndio waliokuwa wanarudi nyuma kumfuata. Alimpita mwanachama mpya wa klabu yake, akamgusa bega kumpa moyo. Sasa alikuwa wa tano wa klabu, na wa tano ni sawa na kukimbia bure. Mbele yake, mbali kiasi, aliona fulana ya mwenzake wa nne, na mwili ukamwambia sasa, sasa hivi, mkamate.

"Bado!" mama mkwe alinguruma. "Bado, nimekwambia! Hakuna anayekufukuza!"

Alitii. Mungu ndiye anayejua alivyotii, maana kila mshipa ulikuwa unakataa. Alivuka bonde, tope likamvuta, naye akavuta. Kengele ya mzunguko wa mwisho ililia. Kocha alikuwa kwenye kamba, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita hakusema chochote, alikuwa anang'ata kofia yake.

Walipofika bondeni mara ya tatu, Pasi alikuwa amemfikia mwenzake wa nne, wanapumua pamoja, bega kwa bega. Mbele yao mwalimu alikuwa ameanza kuyumba, na mbele ya mwalimu kulikuwa na kundi zima la klabu pinzani. Mwinuko ulikuwa umesimama mbele yao. Kando ya tangi mwavuli ulikuwa umeinuliwa juu kabisa, na mama mkwe, mtu wa presha, mtu wa miguu iliyovimba, alikuwa anakimbia. Anakimbia kando ya kamba, kanga moja imeanguka nyuma yake, raba za mwanawe zinapiga piga.

"Sasa mwaga!" alipiga kelele. "Mwaga yote, mwanangu! Mwaga!"

Tangu Pasi aolewe, hakuwahi kumwita mwanangu. Siku zote alikuwa mke wa mwanangu. Pasi alilisikia neno hilo likimwingia mgongoni, na akamwaga.

Alipanda ule mwinuko kama mtu asiyejua kuwa ni mwinuko. Mwenzake wa nne alibaki. Mwalimu alibaki, akamwambia "nenda, nenda!" kwa pumzi ya mwisho. Klabu pinzani waligeuka kuangalia nani anakuja, na kugeuka kuliwagharimu. Akawapita watatu, akampita na mwenzake wa klabu aliyekuwa katikati yao, akampita mpinzani wa nne karibu na bendera. Yule shabiki wa chumba cha kufulia alikuwa amefungua mdomo na hakuna kilichotoka. Mbele kabisa Twiga alikuwa amekwisha maliza, akageuka, akaona anayekuja nyuma yake ni nani, akapiga magoti kwenye majani akicheka na kulia kwa pamoja.

Pasi hakuwa wa nne wa klabu yake. Alikuwa wa pili. Nafasi zilipojumlishwa, kipaza sauti kilikwaruza, kikakohoa, kikataja klabu yao kwanza, na kocha akatupa kofia hewani, ikaanguka kwenye tope, hakuna aliyeijali. Mume alimnyanyua Pasi akaacha alama za unga mgongoni mwake. Binti alitaka avalishwe medali, akavalishwa, ikafika kitovuni.

Mama mkwe alifika mwisho, anatweta, kanga mkononi. Pasi alijitoa kwa wenzake, akamwendea, akampigia magoti palepale kwenye matope.

"Inuka, unachafuka," mama mkwe alisema.  Kisha naye akainama, akamkumbatia, matope na yote. "Ndoo imefika," alisema sikioni mwake. "Imejaa."

*

Siagi haikurudi mezani siku ileile. Bahasha ya ushindi iligawanywa kwa watu sita na kocha, na fungu la Pasi likanunua sukari, dawa za presha, na begi jipya la shule. Tanuri lilichukua wiki nyingine kutengenezwa. Kuhusu zamu ya Jumamosi, mama mkwe mwenyewe alichukua simu, akamwambia msimamizi wa hotelini kwamba anashukuru sana, lakini siku hiyo mwanawe ana kazi nyingine. Msimamizi akauliza kazi gani. "Soma gazeti," mama mkwe alimjibu, ingawa hakuna gazeti lililoandika.

Jumatatu Pasi alirudi kazini miguu inamuuma, wenzake wakampigia makofi na kumpungia mashuka. Jioni alipofika nyumbani alikuta karo limejaa sufuria, vikombe na sahani za asubuhi na mchana. Alitua mkoba, akakunja mikono ya shati, akafungua bomba, akashika sufuria.

"Weka chini," sauti ilisema nyuma yake.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, raba zimefungwa kamba mara mbili, mwavuli kwapani. Raba zenyewe zilikuwa mpya, za saizi yake. Fundi viatu wa pembeni ndiye aliyemtafutia, kwa nusu bei na kwa adabu.

"Lakini Mama, vyombo..."

"Vyombo havina miguu. Tutavikuta." Akamshika mkono, akamtoa nje, akatazama barabara yote mpaka mwisho wake. "Na leo," alisema, "usinicheleweshe."